Ng'ombe Aliuliziwa, Kaka Hakuuliziwa

Harufu ya samadi inayofuka moshi bado hunirudisha kijijini kwetu Sibwesa, masika yale nilipomwonea wivu ng'ombe. Sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Nilikuwa mdogo, na shule nimesoma kidogo. Lakini hili nalikumbuka. Majirani zetu, kina Kabula, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, walifiwa na ng'ombe. Baba yake Kabula akaita wafugaji, wakakaa zizini mpaka jua likawa kali, wakiulizana alinywea maji wapi, aliacha lini kula, nani alimwona akijitenga na wenzake. "Mwenye kujua aseme," alisema, "wengine wasife." Mficha maradhi kilio humfichua, wakaitikia, na hakuna aliyeona haya.

Masika hayohayo kaka yangu Deus, kaka pekee niliyekuwa naye, alijiua. Naye alikuwa ameacha kula, amejitenga. Majirani walikuja, nisiwasingizie. Kina Kabula walilia na sisi, wakaleta maziwa. Ila hakuna aliyeuliza hali hiyo ilianza lini. Nilipomuuliza mama, aliniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Ukilitaja unaliita." Simlaumu, alikuwa amebaki na mimi tu, akaogopa. Lakini nilikaa nyuma ya nyumba nikitazama zizi la jirani, roho ikiniuma kwamba ng'ombe kafa kwa heshima kuliko kaka.

Juzi Kabula, ambaye sasa naye ana kijana mkubwa, Masanja, alinisimulia. Mhudumu wa afya aliwafundisha kijijini kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo la kujiua. Kabula akacheka, "Mbona hayo ni ya zizini kwetu?" Basi Masanja alipoanza kusukuma sahani bila kula, akamkalisha. "Mwanangu, unawaza kujiua?" Akajibu, "Ndiyo, mama." Hawakumwacha peke yake, wakampeleka hospitali Mpanda, na mpaka leo watu wanapita kumjulia hali. Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha. Sisemi swali lingemwokoa Deus; hilo silijui. Ila hakulipata, na chini ya shukrani yangu wivu ulikuwa unachemka. Mara Masanja mwenyewe akaingia, akatutania, "Mama mdogo, nyie mnazeeka kwa umbea." Tukacheka wote. Mama mdogo ni jina zuri. Lakini Deus hakuacha mtoto, na hakuna mtu duniani wa kuniita shangazi.