Ngari wa R na Ngari wa L

Ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya mahindi nje ya mji wa Kitale, na Nabwile, mwandika vibao, tayari yuko juu ya ngazi, mbele ya lango la shule mpya. Maneno SHULE YA MSINGI yamekwisha kukauka. Chini yake ameandika N, G, A. Hapo brashi imesimama.

"Mwalimu," anaita, "ebu sema tena, porepore."

"Ngari," anajibu Bilha, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. "R ya ruka."

"Hata kwetu mtu huluka."

"Basi R ya redio!"

"Ledio ninayo nyumbani, Mwalimu. Sasa niandike nini?"

Bilha anacheka hata anashika nguzo ya lango. Kisha anaokota chaki na kuchora R ukutani, kubwa kama sufuria. Nabwile anaikazia macho, anachovya brashi.

Maneno ya kawaida Nabwile huyajua kwa macho, kwa kuwa aliyasoma vitabuni. Majina ya watu huyapokea kwa sikio, na kwao Misikhu, karibu na Webuye, l na r hupokezana bila ugomvi. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa linalomfuata mpaka leo.

Mwaka 2002, Mzee Mbogo Ngari, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Kitale, alimtajia jina lake, naye akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: DUKA LA NGALI. Waandika vibao wenzake walipita, wakasoma, wakampa jina la Mama L.

"Walisema ati naandika kwa ulimi," anakumbuka. "Nilirudi siku ya pili na langi yangu mwenyewe, nitengeneze. Mzee akakataa!"

Mzee Ngari hakanushi. Anaeleza kwamba mjini kulikuwa na bucha ya Ngari na zahanati ya Ngari, na hata mtaa unaoitwa kwa Ngari, vyote vya watu wasio na udugu naye wala wao kwa wao.

"Wateja wangu wa misumari walikuwa wakiuziwa matumbo," asema. "Siku hizi mtu wa bodaboda anauliza tu: Ngari wa R ama Ngari wa L? Wanakuja kwangu moja kwa moja. Na tena, si katika Kiswahili mtu husema 'ningali'? Mimi ningali hapa. Huyo mama hakuandika uongo."

Ni utani mwema, lakini aliyelipia utani huo ni Nabwile. Kibao kile kinatazama barabara kuu, na kila akisomaye humdhania mwandishi wake kuwa hajui kusoma. Kibao kidogo humpatia shilingi mia tano; zipo wiki asizopata hata kimoja.

"Mzee anafurahi, mimi nakunywa chai ya langi," asema, akicheka kidogo.

Tangu hapo amejiwekea sharti. Kwenye jina la mtu hagusi l wala r mpaka mwenyewe, au anayemjua, aiandike kwa chaki ukutani.

Shule hii mpya imepewa jina la Ngari mwingine, mkulima marehemu aliyeitolea ardhi. Kamati ilipomtaja Nabwile, baadhi ya wanakamati waliguna. Je, si huyu ndiye wa Ngali? Bilha alimtetea, ila kwa makubaliano: lango likiharibika, vibao vya madarasa vitapewa mwingine. Wazazi watafika Jumamosi. Vibao hivyo ndivyo Nabwile anavyovitegemea ili afungue karakana yake mjini Bungoma, karibu na mama yake mzazi.

R imekamilika. I inafuata. Mwendesha bodaboda anafunga breki za baiskeli yake na kusoma kwa sauti.

"Nga-ri! Bana, Mama L amehamia R!"

"Enda zako, wewe! Utaniangushia ngazi!"

Bilha anarudi nyuma hatua chache, analisoma jina herufi kwa herufi, mara mbili, kama anayesahihisha insha.

"Teremka, mama," asema. "Twende nikuonyeshe madarasa."

Nabwile anashuka akifuta mikono kwa kitambaa. Karakana ya Bungoma itahitaji kibao, na kibao kitahitaji jina lake. Hapo pana neno. Nyumbani huitwa Nabwile; kwenye kitambulisho, karani aliandika Nabwire.

"Mimi mwenyewe sisikii tofauti," asema. "Kwa hivyo nitaacha nafasi ya helufi moja. Mzee Ngari amekubali kuja na chaki. Mimi nilimpa helufi isiyo yake, akaipenda. Naye anipe yangu. Atakayoandika, hiyo ndiyo nitaipaka langi."

Mzee Ngari alipoulizwa dukani kwake ni herufi gani atakayoichagua, alitoka nje akakitazama kibao kilicho juu ya mlango wake.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Ningali ninafikiri."