Desktop yangu iligoma kuwaka baada ya kuhama Kilosa kuja Mikumi, na kilichokuwa ndani alikiweka mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Mikumi. Jua limelegea, malori yanapita huko barabarani, na mimi nimekaa na chai yangu. Wakubwa zangu wote humu, shikamooni.

Haya ninayoandika yametokea kwenye nyumba ninayolala. Sijaongeza chumvi, na sina sababu ya kuongeza.

Mimi ni dada wa steshenari. Kilosa nilikuwa na fremu, napiga passport size, natype barua za watu, naprint mitihani ya shule. Mashine yangu ni desktop, ile ya zamani yenye CPU kubwa kama debe. Skrubu za mfuniko wa ubavuni zilishapotea, kwa hiyo nilikuwa naufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Msinicheke. Ilikuwa inapiga kazi kuliko laptop zenu.

Naishi na mama yangu. Bi mkubwa alizaliwa Rudewa, kwenye kambi ya mkonge. Babu alitoka mbali kuja kukata mkonge, akabaki huko huko. Mama alikuwa mtu wa kuimba. Akitwanga anaimba, akipepeta anaimba, akinikasirikia anaimba kwa nguvu zaidi ili nijue.

Kuna wimbo mmoja wa lugha ya kwao babu. Mimi naambulia maneno mawili matatu tu, mengine yananipita. Siku moja nilimrekodi kwa simu, basi tu kwa kujifurahisha, nikauhamishia kwenye desktop. Simu yenyewe ikaja kuibiwa mnadani Ulaya, hii ya Kilosa, si ya Wazungu. Nikasema potelea mbali, wimbo si upo kwenye mashine?

Baadaye mama akapata kiharusi.

Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Anaelewa kila kitu, anacheka, ananuna, ila kinachotoka mdomoni ni "mm" na "eeh". Kinachomuuma kuliko yote ni salamu. Mtu akimwamkia anashindwa kuitikia marahaba, anainua mkono wa kushoto tu. Wasiomjua wanadhani anaringa.

Kwa hiyo wakuu mnielewe. Sauti ya mama yangu ilikuwa imebaki sehemu moja tu, ndani ya hiyo CPU iliyofungwa kwa tyubu.

Sasa tukahama. Nilipata fremu nzuri huku Mikumi, karibu na barabara kubwa.

Mama ana mambo yake ya kufungasha. Kwao chombo chenye tumbo hakihamishwi kikiwa kitupu. Chungu kinajazwa majani makavu au matambara mpaka kishibe, mtungi hivyo hivyo, ndipo kinafungwa. Asubuhi ya kuhama alikuwa anajaza vyungu vyake kwa mkono mmoja, nikisogea kumsaidia ananisukuma. Nikamwacha. Nikaenda kurudisha funguo za fremu.

Niliporudi kila kitu kilikuwa tayari. Hata CPU alikuwa ameshaiviringisha kwenye kitenge, na fundo lake la mkono mmoja. Amekaa pembeni yake anailinda kama askari wa zamu. Nikamsifia kweli kweli, akatabasamu upande ule unaotabasamu.

Tukapanda kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Mama mbele na dereva, CPU katikati ya miguu yake. Mimi nyuma juu ya godoro, nimejifunika kanga hadi usoni kwa ajili ya vumbi.

Hiyo safari naikumbuka kama ndoto. Nilikuwa nasinzia na kuamka. Nikiamka naona milima iko kulia, nikisinzia na kuamka tena nayo bado ipo pale pale, kana kwamba gari halitembei ila barabara ndiyo inayopita chini yetu. Kuna mahali ng'ombe walitupita pande zote mbili, polepole, vumbi lao la dhahabu, na mchungaji mmoja amevaa shuka jekundu hata hakutuangalia. Nilijisikia vizuri sana. Sikuwaza kitu.

Tukafika, tukashusha, nikapanga meza. Nikachomeka mashine.

Nikabonyeza. Taa ikawaka, ndani ikasikika sauti ndogo ya kitu kinachotaka kuzunguka, halafu kimya. Nikabonyeza tena, ikawa vile vile. Inawaka kidogo, inakata.

Nikabadilisha waya wa power. Nikachomeka ukutani moja kwa moja bila extension. Nikatoa printer, keyboard, mouse, nikaiacha yenyewe. Nikachomoa umeme, nikakishikilia kile kitufe kwa muda, nikarudisha. Wapi!

Ubavu sikufungua. Niliogopa. Nilishajiambia disk imepigwa na makorongo ya njiani, nikigusa ndani ndiyo namalizia kuiua.

Mama alikuwa amekaa pale pale anatazama. Kila nikibonyeza anatikisa kichwa na kunyoosha mkono kwenye ile mashine. Nikajua ananionea huruma. Nikawa namwambia usijali mama, itawaka tu, huku nabonyeza tena.

Na kulikuwa na hili la mto.

Mama ana mto wa sufi alioushona mwenyewe, sufi yenyewe aliiokota Rudewa chini ya misufi ya zamani. Ni mnene, ukiulalia shingo inasimama. Huku Mikumi nikaukuta umelala bapa, kitambaa kitupu. Nikamlaumu dereva moyoni, nikajua umechanika njiani sufi ikamwagika. Nikampa mama mto wangu wa sponji. Akautupa chini.

Nikauokota, ila nilikasirika. Nimechoka, mashine imekufa, na mtu mzima ananisusia mto.

Kesho yake nikamwita fundi wa mtaani. Kijana mpole, alimwamkia mama vizuri, mama akainua mkono wake, na yule kijana akaelewa bila kuambiwa. Akabonyeza, akaweka sikio, akabonyeza tena. Akasema hapo ni disk au motherboard imekwisha kwa kutikiswa. Anaichukua akaifungulie kwake, akishindwa anaweka disk nyingine, itakuwa nyepesi kama mpya.

Nikamuuliza, na vilivyomo?

"Dada, vya zamani sahau."

Nilikaa chini wakuu. Sitaficha, nililia mbele yake. Nilikuwa nawaza kwamba hata wimbo wenyewe siwezi kuuimba. Sijui maneno yake. Sikuwahi kumuuliza yana maana gani, na sasa hata nikimuuliza hawezi kunijibu.

Basi, nikamruhusu aichukue. Akainama kuibeba, na mama akaishika ile tyubu. Akaing'ang'ania, haachii.

Hapo ndipo nikampandishia mama sauti. "Mama, achia basi. Utaiharibu zaidi."

Akaachia. Akaingia chumbani taratibu, anaburuta ule mguu, na mimi nikaanza kujuta kabla hajarudi. Akarudi na mto wake bapa. Akaulaza juu ya CPU, akaupigapiga kwa kiganja. Kisha akapigapiga ubavu wa CPU. Halafu mto tena, halafu ubavu.

Fundi akatabasamu, akadhani bibi anataka mashine ipumzike.

Mimi nilikuwa nautazama ule mto. Haukuchanika. Ulifumuliwa vizuri kwenye mshono, na uzi bado unaning'inia.

Nikafungua tyubu.

Wakuu, ndani kulikuwa kweupe. Sufi kila kona, imeshindiliwa kwa ufundi, chini ya waya, juu ya kadi, mpaka katikati ya mapanga ya feni. Aliifungasha kama chungu. Alijua kilichomo humo, akatoa mto wa kichwa chake akaujaza humo ili kisigongwegongwe njiani.

Na mkono wenyewe ni mmoja.

Nilimshika mama nikashindwa kusema kitu, sasa tukawa wawili tusiokuwa na maneno. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Baadaye akanieleza. Feni ya processor ilikuwa imekabwa. Mashine ikiona feni haizunguki inajizima yenyewe isije ikaungua. Akasema tushukuru iligoma, maana sufi na moto ni kufumba na kufumbua.

Tukaitoa CPU uani. Fundi anachomoa sufi kwa vidole, mimi nasafisha kwa brashi ya poda, mama amekaa kwenye kigoda ameshikilia foronya wazi anapokea. Upepo ukawa unatupokonya. Vipande vyeupe vikapaa juu ya ukuta, vikaelea kwenda barabarani kwenye malori, polepole sana, na sote watatu tukaacha kazi tukavitazama hadi vikapotea.

Tulipoichomeka feni ikazunguka, lakini ikalia piii, piii, na kwenye monitor giza. Fundi akasema hiyo ni RAM, imelegea kwa kushindiliwa. Akazima, akaichomoa, akafuta meno yake kwa kifutio cha penseli nilichokuwa nauzia wanafunzi, akairudisha kwa kuikandamiza mpaka ikasema tak. Akabonyeza.

Ikawaka, wakuu. Desktop yangu ile ile, na picha ile ile ya maua.

Kwa mnaotaka kuhama na desktop, shikeni hili. Isipowaka mkifika, msikimbilie kusema imekufa. Chomoa umeme, fungua ubavu, angalia kama feni inazunguka kwa kidole, kandamiza RAM na waya zote. Na kabla hata hamjahama, mambo yasiyo na nakala wekeni kwenye flash. Mimi sasa wimbo uko kwenye flash, uko kwenye simu, na nimemtumia dada yangu.

Ila kilichonileta kuandika uzi huu ni hiki.

Nilitafuta lile faili kwanza kabla ya kitu kingine. Nikabonyeza. Ikaanza sauti ya mchi kwenye kinu, halafu mama akaanza kuimba, mama yule wa zamani, mwenye pumzi.

Mama akasogea na kigoda chake. Mdomo ukaanza kutikisika. Kwanza "mm, mm" kwa kufuata wimbo. Halafu likatoka neno. Halafu jingine, maneno ya lugha ya kwao babu, mazima kabisa, yanatoka mahali ambapo ugonjwa haukufika. Mimi nimeshika meza.

Wimbo ukaisha. Kwenye rekodi, mchi ukasimama, na mama yule wa zamani akaniuliza, kama alivyoniuliza siku ile, "Imeingia?"

Na mama aliyekaa ubavuni kwangu akaweka mkono wake wa kushoto juu ya CPU, akamjibu.

"Imeingia."

Nisiwadanganye, hajapona. Leo asubuhi jirani kamwamkia na bado ameinua mkono. Lakini kila jioni nikifunga kazi anakaa hapa, tunaupiga, anaimba, na mwisho anajibu. Mto wake tumeushona tena, umepungua kidogo kwa ile iliyoondoka na upepo.

Mliouguza wagonjwa wa kiharusi, je, kuimba kuliwasaidia? Maneno yalirudi hata ya salamu? Niambieni, hata kama ni mabaya nitayasoma. Mimi nipo hapa hapa, na mama ameshavuta kigoda.