Mguu wa Kushoto

Sisi wa Kalemie hufuga simbilisi, wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, jikoni karibu na mafiga, wapate joto la majivu na maganda ya mihogo. Hatuwapi majina, kwa kuwa mwisho wao ni sufuria. Mmoja tu, mwekundu mwenye kiraka cheupe begani, alisazwa na baba yangu, aliyemlisha matembele kwa mkono wake na kumwita mgeni. Baba alipofariki, mnyama yule alibaki na mama katika nyumba yetu ya kando ya ziwa, na hapo ndipo alipoanza kuchechemea.

Sharti kwanza nieleze jinsi baba alivyotembea. Alikuwa mtu wa reli. Siku moja, nilipokuwa bado mwanafunzi, alirudi kutoka kazini akiuburuta mguu wa kushoto. Hakuwa ameanguka, hapakuwa na jeraha wala uvimbe, na madaktari hawakuona kitu. Ulipomuuliza, alijibu, "Hauniumi," kisha akaingia katika mazungumzo mengine. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na sauti yake: kishindo kifupi cha kisigino kwenye saruji, halafu mkwaruzo mrefu. Kwa sauti hiyo tulijua yuko chumba gani na ana hasira kiasi gani.

Matanga yake yalikuwa hayajaondolewa nilipokwenda na mdogo wangu wa kike, alasiri moja, kumchukua mama. Ziwa lilikuwa limepanda. Lilikuwa limekwisha kumeza bustani ya matembele na choo cha jirani, na sasa lililamba ukuta wa jiko. Majirani wote walikuwa wamehamia mlimani. Mama peke yake alikuwa ameketi mkekani, kanga ya msiba kichwani, kama mtu anayesubiri mlo wa mchana.

Kutoka chumba cha nyuma nikasikia mkwaruzo.

Simbilisi akatokea. Miguu mitatu aliiweka ipasavyo; wa nne, wa nyuma kushoto, aliuvuta kama kitambaa kilicholowa. Alivuka sebule polepole, akasimama kidogo penye kizingiti, pale pale baba alipozoea kusimama kabla ya kuketi.

"Karibu, muzee," mama akasema. "Chakula kimepoa."

Akamsogezea sahani. Nyumbani kwetu, mpaka matanga yaondolewe, fungu la marehemu hutengwa katika kila mlo, na baadaye hutupwa ziwani. Mama hakulitupa tena. Mnyama wa majani aliukwangua ugali; ndagala, vile visamaki vya ziwani, hakuzigusa.

"Papa naye hakupenda ndagala," mdogo wangu, ambaye huniita mimi mkubwa wake Yaya na baba yetu Papa, akaninong'oneza, akinishika mkono. "Yaya, mwambie tu Papa amesema tuhame. Atakubali mara moja."

Nilikataa. Naamini kwamba mzazi hadanganywi, hata kwa ajili ya usalama wake, na kwamba anayemfariji mjane kwa uongo anamwibia msiba wake. Nikapiga magoti, nikaupapasa mguu ule. Haukuwa umevunjika, haukuwa na mwiba wala uvimbe. Mnyama hakushtuka, alinitazama kwa subira iliyoniudhi.

"Mama," nikasema, "huyu ni mnyama. Mguu wake ni mgonjwa, labda kwa kukosa majani mabichi."

"Labda?"

"Sijui kwa hakika."

"Na muguu wa baba yako, ulijua?"

"Hapana, Mama."

"Sasa unanikatalia nini?"

Mdogo wangu, pamoja na hofu yake, akacheka. "Vitabu vyote vile ulivyosoma, Yaya, na umeshindwa na panya!"

Nilikuwa bado nimepiga magoti ukuta wa jiko ulipoanguka. Haukutoa kishindo kikubwa. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka. Maji ya kahawia yakaingia sebuleni bila haraka, yakiwa yamebeba majivu ya mafiga. Simbilisi akageuka. Akaenda mlango wa mbele akiburuta mguu, akasimama penye ngazi na kuangalia nyuma, kama baba alivyotusubiri siku za misa. Mama akainuka, akajifunga kitenge, akamfuata bila kutuuliza neno. Uongo niliokataa kuusema ulikuwa umesemwa pasipo mdomo, nami, kwa kuwa ulimwokoa mama, sikuupinga.

Mama alipanda mlimani, nyumbani kwa mdogo wangu, mnyama kifuani. Nyumba yetu haikuchukua muda, ziwa liliimaliza.

Kule juu matembele ni tele, na baada ya kuyala kwa siku kadhaa simbilisi akaanza kukimbia uani, miguu yote minne sawa. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri, kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikwenda kumwonyesha mama.

"Unaona, Mama? Yalikuwa majani tu."

Alimtazama mnyama jinsi mtu anavyotazama kiti ambacho mgeni amekwisha kukiacha.

"Ndiyo, mwanangu," akasema kwa upole. "Yule amepona."

Akainuka kwenda jikoni. Nilikuwa nimeinama kumshika simbilisi, kwa hiyo sikumwona, nilisikia. Kishindo kifupi kwenye saruji, halafu mkwaruzo mrefu.

"Mama, mguu una nini?"

Alisimama kidogo penye kizingiti. Uso wake ulikuwa umetulia, jinsi ambavyo sikuwahi kuuona tangu mazishi.

"Hauniumi," akasema, kisha akaniuliza kama nitakula.