Siku Chama Chetu Kilipopimwa

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban ambayo kila nikiikumbuka natabasamu peke yangu, hata nikiwa nakoroga unga. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Baba yako mwenyewe nilikuwa namwona kwa mbali tu, anapita hapa Dunda na bodaboda yake, anapiga honi bila sababu yoyote ya maana. Siku hiyo ndiyo nilijua namna ya kukitazama chama cha akiba na mikopo ukatambua kama kizima au kigonjwa. Na aliyenifundisha hakuwa na nia ya kunifundisha mimi. Alikuwa anamgombeza mtu mwingine.

Najua watu watacheka. Nasaha ni kazi ya wenye mvi, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Shule niliishia kidato cha pili. Lakini niache nikuandikie sasa, umelala hapo na mdomo wazi, mambo yangali mabichi kichwani. Nikingoja nizeeke huenda nikaanza kutia chumvi.

Wakati huo nilikuwa naoka mkate wa kumimina kwa mkaa. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, na mimi nimeinama hapo hapo nyusi zinaungua. Ukitoka mkate mmoja ndipo unaanza mwingine. Sasa mteja wa futari hasubiri, mwanangu. Adhana ya magharibi ikilia anataka kitu mkekani. Ramadhani iliyotangulia niliwarudisha watu mlangoni mpaka nikaanza kujificha jikoni, namtuma jirani akawaambie nimetoka. Nikawa naota oveni ya gesi, ile yenye mlango wa kioo, unaona mkate unavyoumuka ndani kama unatazama runinga. Fundi mmoja wa Kerege alikuwa nayo, imetumika kidogo. Akaniambia, "Dada, nakushikia mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama, namwuzia mwingine." Nilirudi nyumbani nimeshaipa oveni jina. Jina lenyewe sikwambii.

Nikaomba mkopo chamani.

Chama chetu kilikuwa kidogo, na bado si kikubwa. Wauza samaki, mafundi cherehani, wakulima wa mihogo, mwalimu wa madrasa, na sisi wa mikate na vitumbua. Tulikutana Jumamosi baada ya Alasiri kwenye baraza la Bi Zuwena, mwenyekiti wetu. Huyu Bi Zuwena alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa aliloachiwa na baba yake, watu wenye asili ya Omani, mama mwembamba, sauti yake ya chini kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Na watu walinyamaza.

Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Ukiomba mkopo, unasimama katikati ya baraza, mbele ya wote. Kisha yeye anauliza, "Nani atasimama naye?" Wanaokudhamini ni wawili, na kunyoosha mkono hakutoshi. Mdhamini anainuka alipokaa, anavuka baraza, anakuja kusimama ubavuni mwako, bega kwa bega, mpaka mwenyekiti aseme kaeni. Vijana walilalamika kwamba vyama vingine mtu anadhamini kwa simu akiwa kitandani. Bi Zuwena aliwajibu, "Mimi nataka nione magoti yanakubali." Tulikuwa tunacheka. Lakini hebu jaribu kuinuka mbele ya majirani zako kwa ajili ya mtu usiyemwamini, uone kama hayo magoti yatakubali.

Mhazini wetu alikuwa kaka Maulidi. Nataka umjue vizuri, usije ukamdhania mbaya. Alikuwa mwaminifu, amesomea hesabu za biashara, shati limepigwa pasi kila siku, na chama alikipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Basi zikaja habari kwamba muungano wa vyama unatuma mkaguzi kupima vyama vyote vya ukanda wetu, na kitakachoongoza kitapewa kompyuta mpya. Maulidi hakulala. Siku hizo Bi Zuwena alikuwa amekwenda Unguja kwenye harusi ya mpwa wake, Maulidi akakalia kiti. Akasema, "Ndugu zangu, tusimamishe mikopo mpaka matokeo yatoke baada ya Idi. Akija mkaguzi akute akaunti imejaa na hakuna deni jipya. Tutang'aa!"

Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu. Nilikuwa nimefika nyumbani navua viatu ndipo nikaelewa kwamba mkopo uliosimamishwa ni wangu. Baada ya Idi! Nani anakula futari baada ya Idi?

Nililia kidogo, sikufichi. Halafu nikajipa moyo kwamba chama kikipata kompyuta ni sifa yetu sote. Mimi ni mtu wa kujipa moyo haraka, hata wewe umerithi, unalia dakika moja unacheka ya pili.

Ikafika ile Jumamosi, Ramadhani imekaribia. Bi Zuwena amerudi jana yake, bado ana michoro ya piko ya harusi mikononi. Mkaguzi naye amefika, dada mmoja mpole aitwaye Neema, akavua viatu chini ya baraza, akampa kila mkubwa shikamoo yake, akapewa kahawa na kashata. Maulidi amevaa shati jeupe kuliko yote. Akasoma taarifa yake vizuri sana, sauti inapanda kama anasoma utenzi. Akiba imekua. Fedha zipo benki. Watu wakaguna kwa furaha.

Bi Zuwena akasubiri amalize, akauliza kama anavyouliza siku zote, "Leo nani anaomba mkopo?"

Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Maulidi, baba, hakuna anayeomba? Na Ramadhani hii hapa mlangoni?"

Maulidi akamwinamia, akidhani ananong'ona, ila sote tulisikia. "Tumesimamisha kidogo, Bibi. Tunapimwa."

"Tunapimwa nini?"

"Chama, Bibi. Ili akaunti ionekane imejaa."

Bi Zuwena akaweka kikombe chini. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika, na hata siku ile sauti haikupanda. "Maulidi. Ukienda hospitali ukakuta stoo imejaa dawa mpaka darini, na wagonjwa wamekaa nje kwenye benchi wanakohoa, utarudi nyumbani useme hospitali ile nzuri?"

"Hapana, Bibi."

"Hizi fedha ni za nani?"

"Zetu, Bibi."

"Zetu za kufanyia nini? Za kumwonyesha mgeni? Mgeni mwenyewe huyu anakula kashata, wala hakuja kuolewa." Dada Neema alipaliwa na kahawa. Bi Zuwena hakucheka. "Mwuza samaki anaweka akiba hapa ili siku moja mwenzake anunue mtego, na kesho yeye naye akwamuliwe. Fedha ikikaa tu inanenepa, sisi tunakonda. Nani alikuwa ameomba?"

Watu wote wakageuka wakanitazama mimi.

"Rukia, njoo katikati."

Mwanangu, baraza lile si pana. Siku ile lilikuwa refu kama kutoka hapa mpaka Vigwaza. Nikasimama. Nikaeleza oveni, fundi wa Kerege, mwezi ukiandama anauza. Nikaeleza mikate mingapi nitatoa kwa mkupuo, na nitakavyorejesha kila wiki. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, maana nilikuwa nimeyasema usiku wote kwa mto wa kulalia.

"Nani atasimama naye?"

Mama Shani, anayekaanga samaki jirani yangu, aliinuka hata kabla swali halijaisha. Akaja na harufu yake ya ndimu na pilipili, akanibana na bega. "Mimi ndiye nilikuwa nadanganya wateja mlangoni kwa ajili yake," akasema. "Nimechoka kudanganya. Mpeni oveni."

Watu wakacheka. Anahitajika wa pili. Nikaona mmoja anatazama paa, mwingine anajifunga shuka upya. Hawakuwa wabaya. Waliogopa tu kumpinga mhazini mbele ya mgeni, na kompyuta ile kila mtu alikuwa ameshaipenda. Nikahesabu oveni imekwenda.

Ndipo kaka Maulidi akafunga taarifa yake, akainuka, akalinyoosha shati, akavuka baraza, akasimama ubavuni mwangu wa kushoto. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni.

Bi Zuwena akamtazama. "Magoti yamekubali," akasema, na sasa ndipo akatabasamu. "Kaeni, wanangu."

Dada Neema akauliza maswali yake, na la mwisho lilikuwa hili: je, yupo aliyechelewa kurejesha? Maulidi akafumba macho. Bi Zuwena akajibu bila kuzunguka. Yupo Mzee Athumani, ameanguka kwenye mnazi mguu ukavunjika. Tumemsogezea muda, na kila mwezi anamtuma mjukuu wake na chochote alichopata.

"Asante kwa kuniambia," Dada Neema akasema. "Chama kikiniambia hakuna hata mmoja aliyeyumba, ndipo naanza kuwa na wasiwasi. Ama kimeficha, ama kinawakopesha wenye nacho peke yao. Na fedha zikilala benki nyingi kuliko zilizo mikononi mwa wanachama, nayo naiandika kuwa kasoro. Mngebaki vile, kaka Maulidi, ningewapunguzia alama."

Maulidi akashika kichwa kwa mikono miwili, baraza zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Kompyuta hatukuipata. Iliwaendea wenzetu wa chama cha Kerege, wanachama wengi, na kazi yao nzuri kweli. Bi Zuwena akaniagiza niwapelekee mkate wa kuwapongeza, uliotoka kwenye oveni ile ile, maana niliinunua kabla mwezi haujaandama. "Kerege wametupa oveni," akasema, "tuwaachie kompyuta." Ramadhani ile sikumrudisha mtu hata mmoja mlangoni. Na mteja mmoja wa bodaboda alikuwa anakuja kununua mkate kila siku, akaja mpaka usiku wa Idi, nikamwuliza wewe peke yako unaumaliza? Huyo ndiye baba yako.

Sasa nikwambie nilichokitoa pale, mwanangu. Utakua, utaingia chama chako, huenda kikawa cha kwenye simu chenye maelfu ya watu. Watakuonyesha jengo, watakuonyesha fulana zenye nembo, watakutajia gawio la mwisho wa mwaka. Sikiliza kwa adabu, na hesabu zao uzisome, maana hata Dada Neema alizisoma na zilimwambia kweli. Ila ukishasoma toka nje uwatafute watu. Uliza mwenye shida ya haki akiomba anapewa lini. Uliza yule aliyeanguka alifanywaje. Kaa kwenye mkutano wao utazame mtu mdogo anaposimama katikati, kama kuna anayeinuka. Chama ambacho watu wake wanainuliana ni kizima, hata kama hakina kompyuta. Na chama kikisifiwa mpaka kikasahau kilianzishwa kwa nini, umpate mtu wa kukirudisha kama Bi Zuwena, na uwe na moyo wa kurudi kama Maulidi. Mimi nawapenda wote wawili, sijui nani zaidi.

Bi Zuwena alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Maulidi ndiye anayekaa kwenye kile kiti, na swali ni lile lile. Jumamosi iliyopita alisimama binti mmoja, anataka cherehani, anatazama vidole vya miguu yake kama mimi siku ile. "Nani atasimama naye?" Nikakupakata, nikainuka, nikavuka. Ulikuwa umelala begani kwangu, kwa hiyo hujui, lakini siku hiyo na wewe ulisimama.

Mungu akupe magoti yenye nguvu, mwanangu, na akuzungushie watu wa kuinuka siku utakayokuwa katikati peke yako. Amina.