Pale Neema Aliposimama Bila Kujua

Ninyi vijana mtakaosoma haya, tulieni kwanza. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nibatizwe. Niliyaona kwa macho haya, juu ya Olmotonyi, huku msituni mlimani kwetu, kumeshapambazuka.

Shule niliiachia darasa la nne. Lakini mjukuu wangu Neema, mkimbiaji, alipoanza kusomea takwimu za michezo mtandaoni, kila jioni nilikaa kando yake nikimenya ndizi, na yale masomo tukayamaliza wawili. Alivaa saa inayoandika kila hatua na kila pigo la moyo, kisha kompyuta inachora njia aliyopita. Siku moja nikaona kifundo, kama uzi uliojisokota, kwenye mstari wa njia yake.

"Hapa ulisimama?"

"Sikusimama, Bibi. Saa inayumba tu kule msituni. Ngoja nifute."

"Na jana?"

Akafungua ya jana. Palepale. Ya juzi, palepale.

"Inayumba mahali pamoja kila siku? Basi huyo ni mlevi mwenye ratiba!"

Neema akacheka. Mimi sikucheka, maana nilishajua kuusoma mstari wa moyo. Penye kifundo moyo wake ulishuka kama wa mtu aliyelala, na kila siku ulishuka zaidi, na alisimama muda mrefu zaidi. Ng'ombe akipunguza maziwa, utafuta hesabu yake, au utaenda zizini kumtazama? Na je, siku ambayo moyo ule hautapanda tena?

Kesho yake nikamtangulia. Ukungu ulikuwa umelala njiani. Neema akaja mbio, muziki masikioni, akafika pale akasimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Macho wazi, haoni. Mbele yake palikuwa na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kaniki yake imelowa umande. Niaminini: kwa ile baridi, mvuke ulitoka kinywani mwa Neema, ukatoka kinywani mwangu. Kwa yule mama haukutoka.

Nikamtaja Yesu kimoyomoyo. Nilitaka kukimbia, mimi na magoti yangu haya! Ndipo nikaiona shingo ya yule mama inatetemeka. Sisi wanawake wa mlima huu tunalijua hilo. Mzigo mkubwa wa majani huwezi kuutua peke yako, unasimama njiani unangoja mpita njia. Na huyu mjukuu wangu kila asubuhi alimpita bila hata salamu.

"Pole na mzigo, mama," nikasema. "Nikutue?"

"Nimengoja sana," akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyechoka.

Nikaushika. Ulikuwa baridi kama maji ya mto, na mzito, Mungu wangu, kuliko mizigo yote niliyobeba tangu usichana. Ulipogusa chini hapakuwa na mzigo wala mama. Ilibaki harufu ya majani mabichi.

"Bibi! Umefikaje huku?" Neema akaniuliza, anahema. Nikamsimulia yote.

Tangu siku hiyo mstari wake haukuwa na kifundo. Akawaomba wenzake wanaofanya mazoezi njia ile wamletee kumbukumbu za saa zao za miezi ya nyuma, akazipanga kwenye kompyuta. Wote! Kila mmoja alisimama palepale, na kila mmoja alidhani saa yake ni mbovu. Yule mama aliwaomba wangapi?

Mwalimu wetu wa mtandaoni alitufundisha kwamba namba isiyofanana na nyingine uiulize kwanza kabla ya kuitupa. Sijui yeye alikuwa akiwaza nini. Mimi mkono wangu wa kushoto, uliotangulia kuushika ule mzigo, haujapata joto mpaka leo. Nikimgusa mtoto mchanga, analia.

Basi msiwe wepesi wa kusema mashine imekosea. Na nyumbani kwangu nilishatoa amri, kwa wakubwa na wadogo: ukikuta mtu njiani na mzigo, umjue usimjue, zima muziki wako, msalimie, mtue. Ndipo ukimbie.