Nyumba Isiyo na Migomba

Nilimjengea mama yangu nyumba, naye akakataa kulala ndani yake. Jambo hilo lilinikera kwa miezi saba mizima, na kila aliyenifahamu pale Kaisho alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema wazee ndivyo walivyo. Mwingine alisema vigae vinamtisha, anaogopa kuteleza. Shemeji yangu mmoja, mtu ambaye bati la choo chake limeshikiliwa na mawe, alinishauri nibadilishe rangi ya milango.

Mama aliendelea kulala katika nyumba yake ya zamani, hatua chache nyuma ya ile mpya, na kupika katika jiko lake la kuni. Nilimwuliza atahamia lini. Akasema, "Nitakuja." Nikamwuliza tena, lini hasa. Akasema, "Si nimeshasema nitakuja?"

Mimi ni wakala wa forodha mpakani Murongo. Kazi yangu ni kuhakikisha makaratasi yanalingana na mzigo, na kazi hiyo imenipa tabia mbaya ya kuamini kwamba jambo likishagongwa muhuri limekwisha. Ramani ya nyumba niliilipia bila kinyongo. Ramani ya ua niliichora kichwani nikiwa nimekaa kwenye foleni ya malori. Niliambiwa kuna dada mmoja upande wa Nyakahanga aliyesomea kupanga mandhari ya makazi, na kwamba ni vizuri nimwite kabla sijaanza. Nilicheka. Mtu anasomea kupanda maua? Sisi tumezaliwa shambani, halafu aje mtu atuchoree pa kuweka mgomba? Fundi aliyejenga nyumba naye akacheka, akasema mambo ya nje nimwachie yeye. Watu wawili wasiojua kitu wakicheka pamoja hupata ujasiri wa ajabu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kukata migomba ya mbele. Asiyetoka kwetu huenda asione ubaya wake, kwa hiyo nieleze. Kwetu nyumba haisimami peke yake. Inakaa katikati ya kibanja, yaani shamba lake la migomba na kahawa, na mgeni huifikia kwa kijia chembamba akipangusa majani usoni. Migomba ya karibu na mlango ndiyo minene kuliko yote, maana ndiyo inayolishwa majivu, maganda na maji ya kuoshea vyombo kila siku ya Mungu. Mgeni wa heshima akija, mkungu wake hukatwa hapo, siyo kule bondeni. Mama aliilea ile migomba kabla mimi sijajua kutembea.

Mimi nilitaka nyumba ionekane kutoka barabarani. Nilikuwa nimetumia nguvu nyingi kuijenga na sikuona faida ya kuificha. Siku ya kukata, mama alisimama mikono nyuma, akamtazama fundi akishusha panga. Alisema sentensi moja tu: "Ule wa kulia umeshatoa mkungu." Nikamjibu kwamba migomba iko mingi nyuma.

Basi tukatandaza matofali ya pevingi kutoka getini hadi mlangoni, na upande wa kushoto tukaweka maegesho ya magari mawili, ingawa nina gari moja, tena la kusukuma asubuhi za baridi. Palipobaki tukapanda nyasi za kununua, na mitende miwili ya mapambo niliyoisafirisha kutoka Bukoba kama wagonjwa. Nyumba ikaonekana. Ikaonekana kupita kiasi. Wiki ile ile bodaboda alimshusha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye mwanamke akaniuliza mizani iko chumba gani. Alidhani ni zahanati. Siku nyingine nilimkuta mzee amekaa kwenye ngazi na bahasha yake, anamsubiri mtendaji wa kata. Nilimwambia hapa ni nyumbani kwa watu. Akazungusha macho kwenye pevingi, kwenye nyasi, kwenye ile mitende, kisha akaniuliza kwa adabu, "Sasa wenyewe mnakula nini?"

Nilikasirika siku nzima. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mama alisikia akiwa jikoni kwake, na nilimwona anacheka na sufuria.

Kisha mvua za vuli zikaanza. Mlima uko nyuma yetu, na maji yake miaka yote yalishuka yakapotelea kwenye migomba na nyasi tulizotandaza chini yake. Sasa yalikuta pevingi, yakafurahi. Yalipita chini ya mlango wa mbele, yakaingia sebuleni na tope jekundu, yakapanda zulia. Fundi akasema dawa yake ni ukuta mfupi. Tukajenga ukuta mfupi, na maji yakageuka yakaenda jikoni kwa mama. Hakulalamika. Alinyanyua kuni zake akaziweka juu ya mawe, akaendelea kupika. Kule kutolalamika kwake kulinichoma kuliko matusi. Nilitamani anigombeze ili nami nijitetee, lakini hakunipa nafasi.

Ndipo nikampigia simu yule dada wa Nyakahanga.

Nilitegemea aje na vitabu vya picha ili nichague. Alikuja na buti za mvua, kamba ya kupimia na fomu kwenye ubao. Akanisalimia, akasikiliza hotuba yangu kuhusu maji kwa dakika mbili hivi, kisha akauliza nani ameishi hapa muda mrefu zaidi. Nikamwonyesha jiko. Akaenda, akasema shikamoo mama, akaketi kwenye kigoda, na hawakutoka mpaka ndizi zilipoiva na kuliwa. Mchana walizunguka eneo lote, mama mbele na fimbo yake, dada nyuma na ubao wake, wakichanganya Kiswahili na Kinyambo. Mimi nilifuata nyuma yao kwenye ardhi yangu mwenyewe. Nilijaribu kuchangia kuhusu mabomba. Dada akasema, "Sawa kaka, tutafika huko." Hatukufika.

Mama alionyesha mahali ambapo baba alichimba mfereji wa kukinga maji ya mlima. Ulikuwepo miaka yote. Mimi ndiye niliyemwagia lori la mchanga juu yake wakati wa ujenzi, na baadaye nikaushindilia.

"Mama, mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ulikuja na fundi," akasema. "Mtu aliyekuja na fundi hana swali."

Wiki iliyofuata dada alileta mchoro, akautandaza juu ya meza ya sebuleni. Nilikuwa nimejiandaa kubisha, nikakosa pa kushikia. Mfereji wa baba ulikuwa umerudi, umepindishwa kidogo kuikwepa nyumba. Migomba ilirudi pande zote mbili za mlango, lakini kwa umbali ambao mizizi haitagusa msingi, na kati yake kulikuwa na kijia kipana cha kumtosha mzee mwenye fimbo, kisicho na ngazi hata moja. Maji ya vyombo yalielekezwa kwenye migomba. Nyasi alizibakiza kidogo, kwa ajili ya wajukuu. Mitende hakuiweka popote, nami sikuuliza. Niliukubali kwa shingo upande. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshaanza kutembea.

Upande wa kushoto tu ndio ulionishinda. Maegesho yangu yalikuwa yamefutwa nusu, na mahali pake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mti, ua wala jina.

"Hapa umesahau," nilimwambia. "Hapa panatosha gari la pili."

"Sikusahau, kaka. Mama amesema pabaki hivyo."

"Kwa nini?"

"Afadhali umwulize mwenyewe."

Baba yangu tulimzika kibanjani, kama tunavyozika kwetu, na kaburi lake liko upande huo wa kushoto. Nilikuwa nimelitunza. Nililijengea vizuri, nikawaambia mafundi wasilikanyage, na pevingi zikaishia pembeni yake, zimenyooka kama rula. Nilijiona mtoto mwema sana.

Nilimkuta mama anamenya ndizi. Nilimwuliza kuhusu ile nafasi tupu, na alijibu bila kuacha kumenya.

"Pale kando ya baba yako ni pangu. Tulipanga mimi na yeye, kabla hajazidiwa. Wewe ukaweka gari." Akatupa ganda kwenye ungo. "Sasa nilale kwenye hiyo nyumba, kila asubuhi nikifungua mlango nikute gari limenikalia?"

Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira, maana miezi saba nilikuwa namwuliza mama yangu mzazi swali moja, akanificha, kisha akaenda kumwambia mtu aliyemfahamu kwa nusu siku. Nilirudi sebuleni nikamwuliza dada kwa ukali kidogo alimfanyaje mpaka akasema. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa kosa lake liko wapi. Akageuza ubao wake, akanionyesha fomu. Swali la kwanza kabisa, kabla ya vipimo, kabla ya maji, lilikuwa: ni mahali gani hapa pasiguswe? Mimi nilikuwa namwuliza mama atahamia lini.

Jumamosi nilichukua mtalimbo nikaanza kung'oa pevingi za maegesho mwenyewe. Fundi alipita akauliza kulikoni, nikamwambia aendelee na safari yake. Mama alileta kigoda akakaa kivulini. Kila nilipofikiri nimemaliza alinyoosha fimbo kuonyesha safu nyingine, mpaka udongo mweusi ukaonekana kwa upana alioutaka yeye. Gari nililiegesha nje ya geti.

Jumapili, baada ya ibada, aliingia katika nyumba mpya na mfuko wake mmoja wa nguo. Nilimwongoza hadi chumba nilichomwandalia, chenye kitanda kipya na mapazia aliyochagua mke wangu. Akafungua dirisha, akasema hapa anaona barabara tu. Akatoka, akapita korido polepole, akaingia chumbani kwetu, kile chenye bafu ndani. Dirisha letu linatazama upande wa kushoto. Alisimama pale muda mrefu akiangalia nje. Kisha akakaa kitandani kwangu, akavua viatu, akavipanga vizuri.

Nilimwomba angalau aniache nitoe nguo zangu kabatini. Akasema nitazitoa kesho, leo amechoka.