Sauti ya Mama Siku ya Sendofu

Mdogo wangu alipochumbiwa na watu wa Handeni, mama alilia kwa furaha. Nilipochumbiwa mimi alikuwa anapukuchua mahindi, akasema haya, tutaongea jioni. Nayasema haya mapema ili ijulikane niliingia kwenye kazi ninayoisimulia hapa nikiwa na moyo wa namna gani.

Natengeneza redio na sabufa pale Korogwe mjini. Mama yuko Kwashemshi, na tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo, sauti yake imebaki mnong'ono. Kwetu siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, mama wa bibi harusi ndiye anayesimama mbele ya wakwe na kutoa nasaha. Maikrofoni za washereheshaji hazimfai, akiongea zinatoa upepo mtupu. Mdogo wangu akanipigia simu analia.

"Dada, mama atasimama pale kama bubu."

Nikamwambia anyamaze, nitatengeneza kitu. Sikumtengenezea yeye. Nilitaka mama asikike, na akishasikika anitaje mimi, walau mara moja, mbele za watu.

Nikachomoa maikrofoni ndogo, kiasi cha punje ya hindi, kwenye simu mbovu. Opampu, ile chipu nyeusi yenye miguu minane, nikaitoa kwenye sabufa iliyoungua. Kazi yake ni kupokea umeme mdogo mno unaotoka kwenye maikrofoni na kuukuza, na kiasi cha kukuza unakipanga mwenyewe kwa rezista mbili, vile vipande vya kubana umeme, kubwa na ndogo. Nilipowasha mara ya kwanza sauti ilitoka imekatika nusu, inakwaruza vibaya. Opampu inataka mahali pa kuegemea katikati ya umeme, na mimi nilikuwa na betri moja ya pikipiki. Nikaweka rezista mbili zinazolingana, betri ikagawanyika nusu kwa nusu, sauti ikanyooka. Nikacheka peke yangu. Betri imekubali kugawa sawa, mama mzazi imemshinda.

Kisha nikabadilisha ile rezista kubwa, nikaweka kubwa zaidi, mpaka mnong'ono wangu ukatoka kwenye sabufa nzima ukajaza chumba. Ubaya wake ikawa inanasa kila kitu: kijiko, pumzi, kuku wa jirani. Mdogo wangu akaja kuichukua ampelekee mama, aizoee kabla ya sherehe. Akaondoka ameikumbatia utadhani kaizaa yeye.

Siku yenyewe nilikaa kwenye mkeka, ubavuni mwa mama aliyebandikwa maikrofoni kifuani, mkono kwenye kitufe cha sauti. Nilikuwa nimeshawaonya watu, mama akianza mtu asikohoe. Wakwe walikaa mbele, wametulia kwa heshima. Mama akanong'ona, na sabufa ikamtoa mzima, pamoja na ile lafudhi yake ya Kishambaa. Vigelegele vikapigwa. Mimi nikasubiri zamu yangu ya kutajwa.

"Wakwe zangu," mama akasema, "mnachukua mtoto mwenye huruma. Hii sauti mnayoisikia ni yeye. Alikuja na hiki kimashine mkononi, akanivalisha mwenyewe. Nani mwingine angenikumbuka?"

Nikamtazama bibi harusi. Alikuwa anajua, tena anajua vizuri sana. Akainamisha kichwa na kutabasamu kama mtu anayeona haya kusifiwa. Wivu ulinipanda hadi masikio yakawaka. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, ni mikono hii, lakini neno lolote ambalo ningelitoa lingeingia kwenye ile maikrofoni kifuani mwa mama. Basi nikasonya. Nilidhani nimesonya kwa ndani, kidogo tu.

Ukatoka msonyo mrefu, safi, hauna mkwaruzo hata kidogo. Ukapita juu ya vichwa vya wakwe ukafika hadi kwa wapishi kule nyuma, na mmoja wao akatoka na mwiko kutazama kumetokea nini. Mshenga akaweka soda yake chini.

Mama wala hakugeuka.

"Msishtuke, wakwe zangu," akanong'ona, na sabufa ikasema naye. "Huyo ni dada yake. Ana wivu tangu huyu akiwa tumboni."

Wakwe wakaangua kicheko, turubai zima likafuata. Mdogo wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kutajwa, nikawa nimetajwa. Kitufe cha sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, na sikupunguza sauti, kwa sababu nilitaka kusikia kama mama ataongeza neno juu yangu. Akameza mate, akaendelea na nasaha za ndoa.